Sweta Lililofuliwa Livingstone

Nyumbani kwangu haiingii sabuni ya unga. Mume wangu ameshazoea, watoto wameshazoea, na dada wa kazi akija mpya namwambia siku ya kwanza kabisa: hapa tunafulia sabuni ya mche, ukichoka mikono sema nikusaidie, ila ya unga usilete. Watu wanadhani nina mzio. Niliwahi kumwambia daktari mmoja hivyo hivyo, akaniandikia dawa ya kupaka. Sina mzio wowote. Nina kinyongo, na kinyongo changu kinanukia sabuni ya unga.

Kuna watu walijaliwa kusamehe. Mimi nilijaliwa kukumbuka. Masika haya nilipigiwa simu kwamba shangazi yangu amefariki, nami nikasema pole na poleni kama inavyotakiwa, lakini kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa sura yake. Kilikuwa sweta.

Lilikuwa sweta la mama. La kijani, la sufu nzito, alilinunua mnadani likiwa halina hata kifungo kimoja. Baba alikuwa seremala, akakaa jioni mbili akimchongea vifungo sita vya mninga. Havikulingana. Cha juu kabisa kilikuwa kikubwa kuliko vingine, na mama alikuwa akikigusa na kusema, "Huyu ndiye mwenyekiti." Babati ina ubaridi wake wa asubuhi, upepo unashuka mlimani ukiwa na hasira, na mama alilivaa sweta lile kila alipotoka kukoka moto. Alikuwa akiuza maziwa ya mgando. Vibuyu vyake alivisafisha kwa vijinga vya moto, anatumbukiza kijinga, anatikisa mpaka moshi unashika ndani, kama mama yake alivyomfundisha. Kwa hiyo sweta lile lilikuwa na moshi wa kibuyu, na maziwa, na chini yake kabisa, kwapani na kwenye kola, lilikuwa na mama mwenyewe.

Aliugua wiki mbili tu. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo, na mji mzima ulikuwa kwenye pilikapilika, watu wanapaka rangi vyumba wapate kuwapangisha watumishi wa serikali waliokuwa wanahamia. Baba alikuwa na kazi kuliko mikono yake, akitengeneza meza na makabati ya ofisi. Jeneza la mama alilitengeneza katikati ya meza mbili za wakubwa, kwa misumari ile ile.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, nguo za marehemu hutandazwa kwenye mkeka na wifi mkubwa huchagua wa kwanza. Ni heshima, si wizi. Leo naielewa mila hiyo vizuri na nimeshakaa kwenye mikeka ya aina hiyo mara nyingi. Lakini siku ile nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni, nikamwona shangazi, dada mkubwa wa baba, anapita juu ya vitenge na magauni kama hayaoni, anainama, anaokota sweta.

"Hili nitalivaa mimi," akasema, "nimkumbuke wifi yangu."

Wanawake wakaitikia kwamba ni vema. Hakuna aliyenigeukia mimi. Baba alikuwa nje na wanaume.

Halafu shangazi akafunga nyumba yake ya Bagara akahamia kwetu Maisaka kutulea. Nijitahidi kumtendea haki, ingawa sitaki: alipika, alinisuka, alinipeleka shule nikiwa safi. Watu wanaosema alikuwa mwema waseme. Mimi nilichokiona ni kwamba kila jioni alilivua sweta la mama na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila jioni nilisubiri atoke kwenda jikoni, nikaingia, nikafukia uso wangu kwenye kola. Bado mama alikuwepo. Kila siku akipungua kidogo, maana shangazi alikuwa mpenzi wa vitunguu na mafuta ya mgando, lakini nikivuta pumzi polepole, nikavipita vitunguu, nikayapita mafuta, nilimkuta mama nyuma yake.

Miezi michache baadaye binti yake shangazi, dada Yustina, akawa anaolewa. Alikuwa anafanya kazi Zambia, mji wa Livingstone, na mchumba alikuwa wa huko huko. Shangazi ndiye aliyeng'ang'ania niende.

"Huyu mtoto abaki na nani?" alimwambia baba. "Akae hapa anatazama ukuta? Twende naye akaone maji yanayoanguka. Yustina anasema watu wanatoka Ulaya kuja kuyatazama."

Basi tukaenda, baba, shangazi na mimi, siku nne za mabasi, Singida, Mbeya, tukavuka mpaka Tunduma, Lusaka, mpaka nikasahau nyumbani kuko upande gani. Shangazi alivaa sweta njia nzima. Kwenye basi nilikaa katikati yao, na nilipojifanya nimesinzia niliegemea bega lake. Akanifunika kwa mkono. Alidhani nimempenda.

Tulipofika kwa dada Yustina tulikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nililala mchana kutwa. Nilipoamka nikatoka uani, nikaona kamba ya nguo. Nguo zetu zote zilikuwa zinaning'inia, na katikati, limefungwa vifungo vyote sita, linachuruzika maji ya kijani, lilikuwa sweta. Chini ya kamba kulikuwa na beseni lililojaa povu, na mfuko wa sabuni ya unga umechanwa kwa meno.

Nilikwenda nikalikumbatia likiwa limelowa. Nilivuta pumzi. Nikavuta tena. Nikalinusa kola, nikalinusa kwapa, nikageuza ndani nje. Hapakuwa na mtu.

"Umeona lilivyotakata?" shangazi akasema nyuma yangu, anapangusa mikono. "Lilikuwa linanuka moshi huo! Sasa hata arusini nitalivaa bila aibu."

Sikulia. Nataka mjue hilo. Nilikuwa nimelia vya kutosha mama alipokufa mara ya kwanza. Mara hii ya pili nilisimama pale na maji yanapenya gauni langu, nikaamua kwamba shangazi naye afe.

Njia niliijua. Bibi mzaa mama alikuwa anaishi Bonga, karibu na chemchemi, na kila tulipokwenda kuchota maji alitupa onyo lile lile ambalo kila mtoto wa Babati hupewa: ukiwa kwenye maji usimtaje mtu mliyegombana naye, wala usiende na kitu chake. Chemchemi ina mwenyewe. Ukimpelekea kitu cha adui yako anakipokea, na mwenye kitu hachukui muda. Huulizwi kama ulikuwa unatania.

"Na mwenye maji akikikataa?" nilimuuliza siku moja.

"Akikikataa," Bibi akasema, "kinabaki kwa aliyekileta. Ndiyo maana watu wenye akili hawapeleki."

Mimi sikuwa na akili, nilikuwa na hasira, na hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kama chemchemi ya Bonga, ambayo kondoo anaivuka bila kulowa tumbo, ina nguvu ya kumchukua mtu, je, maji haya ambayo watu wanapanda ndege kuja kuyaona? Hawa Wazungu wote, nilijiambia, wana maadui. Kama si hivyo, mbona watoke mbali hivyo kutazama maji?

Asubuhi ya kwenda, nilichukua kitambaa cha kichwa cha shangazi, cha manjano chenye maua meusi, kutoka kwenye mkoba wake. Nilikisokota nikakiweka ndani ya soksi.

Tuliyaona maji kabla hatujayafikia. Mbali juu ya miti kulikuwa na moshi mweupe umesimama, na dada Yustina akatuambia watu wa pale wanayaita moshi unaonguruma. Nikanusa hewani kutafuta moto. Moshi gani huu usionukia kuni? Getini mzee mmoja alikuwa anakodisha makoti ya mvua ya plastiki yenye harufu ya jasho la watu wengine, na jua lilikuwa linawaka. Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno.

"Koti la mvua kiangazi! Wazambia nao wana mambo."

Hatua mia mbili mbele aliacha kucheka. Sijui nielezeje. Ardhi ilikuwa imepasuka, na upande wa pili wa ufa mto mzima ulikuwa unafika ukingoni na kujitupa. Si mkondo, si kijito, mto mzima, mpana kuliko mji wetu, ukianguka bila kumaliza kuanguka. Sauti ile hukuisikia kwa masikio, uliisikia kwenye meno. Na mvua ilikuwa inanyesha kutoka chini kwenda juu. Iliingia chini ya koti, ikaingia puani, na ndani yake kulikuwa na upinde wa mvua karibu kiasi kwamba ungeweza kuukanyaga.

"Yesu wangu," shangazi akapiga kelele ili asikike. "Maji yote haya, na sisi Babati tunapanga foleni bombani!"

 Baba alinifunga koti langu vizuri shingoni, akaniacha nimeshika uzio, akasogea pembeni akasimama na mgongo wake kwetu.

Niliogopa, nisidanganye. Lakini nilifurahi zaidi. Mwenye maji kama yale hawezi kukosa nguvu. Shangazi alikuwa amefumba macho anapangusa uso. Nikavuta kitambaa kutoka kwenye soksi, nikalitaja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, nikakitupa.

Kilishuka. Nilikiona kikifunguka, manjano kwenye weupe, kikizama ndani ya moshi. Nikasema moyoni, basi, imekwisha.

Kisha kikarudi. Kilipanda kutoka kule chini polepole, kimefunguka chote, kikatupita usawa wa macho, kikapita juu ya kofia ya koti langu, kikaanguka nyuma yetu kwenye njia, chapa, kama chapati iliyokosa kikaango. Leo najua ni upepo, maji yakipiga chini hewa hupanda juu, hata mwalimu wa sayansi angenieleza. Lakini nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwenye maji makubwa kuliko yote duniani akikataa zawadi yangu.

Shangazi aligeuka. "Kitambaa changu! Upepo wa huku ni mwizi!" Kisha akaniona mimi, nusu ya mwili wangu juu ya uzio, mkono umenyooka, mdomo wazi. Akaelewa vibaya kabisa.

"Mtoto! Ungekufa kwa ajili ya kitambaa?" Akanivuta, akanikumbatia ndani ya koti lake la plastiki, uso wangu ukagandamizwa kwenye sweta. Alikuwa analia. Alinibana hivyo kwa muda mrefu, na mimi, hata pale, nilitafuta. Sabuni. Kitunguu. Chini yake, shangazi. Basi.

Siku ile ndiyo nilimchukia hasa. Kumchukia mtu anayekutesa ni kazi rahisi, mtu yeyote anaiweza. Mimi nilimchukia mtu aliyekuwa ananilia machozi kichwani.

Arusini alisimulia watu wote jinsi nilivyotaka kujitupa majini kuokoa kitambaa chake, na wageni walinipigia makofi. Nami nilikuwa nasubiri kufa. Zambia nzima sikunywa maji, nilikunywa soda na chai peke yake. Wakati wa kurudi tulikwama mpakani, foleni ndefu, jua kali, na shangazi alipokwenda kutafuta mahindi ya kuchoma baba akasema bila kunitazama:

"Upepo haufungui mkoba."

Nilianza kuhesabu malori ya foleni.

"Nilikuona ukikitoa mkobani. Sikusema kwa shangazi yako na sitasema." Alikuwa anachezea kipande cha mti, kama kawaida yake, anakikwangua kwa ukucha. Kisha akasema, "Hata mimi nilikuwa nalinusa. Akienda jikoni, kabla yako. Wewe ulikuwa unaingia wa pili."

"Sasa mbona hukumkatalia?"

"Ni dada yangu mkubwa," akasema.

Sikufa. Shangazi naye hakufa, aliishi miaka mingi na afya njema, kunikomoa tu. Ilinichukua karibu mwaka kuacha kuogopa kisima. Baada ya hapo nikalipiza kidogo kidogo, kwa namna ya mtu asiye na nguvu. Shikamoo yangu niliielekeza kwenye vifungo, sikumtazama usoni. Nilipoanza kazi nikapata njia niliyoipenda zaidi: kila Krismasi nilimtumia mfuko mkubwa wa sabuni ya unga. Mfuko mkubwa kabisa dukani. Alinipigia simu kunishukuru kila mwaka, "Ahsante mwanangu, umenikumbuka," nami nilisikia raha ambayo siyo ya Kikristo.

Ndipo akafa, tukakutana Bagara, tukazika, na siku ya kuanua matanga mkeka ukatandikwa. Dada Yustina alikuwa amekuja kutoka Livingstone. Akaniambia, "Chagua wewe kwanza. Mama alikuhesabu mwanawe."

Sweta halikuwepo, lilikuwa limeshachakaa kitambo. Lakini kwenye koti jekundu la shangazi, la baridi, niliona vifungo sita vya mninga visivyolingana, mwenyekiti akiwa juu. Alivihamisha. Mkono wangu ulikwenda wenyewe.

"Hili nitalivaa mimi," nikasema. Nikalivaa pale pale. Lilinitosha. Wanawake wakaitikia kwamba ni vema. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa naisubiri saa ile, na ilikuwa tamu, sitawadanganya.

Nilipoinua macho nikamwona Anjela mlangoni. Ni mtoto wa mwisho wa dada Yustina, ana miaka minane, aliletwa Babati akiwa mchanga akalelewa na bibi yake. Hakuwa analia. Alikuwa analitazama koti. Macho yale nayajua, nimeyabeba kichwani kwangu.

Asubuhi yake kilemba changu hakikuwepo. Nilikuwa nimekiweka juu ya begi. Nilitafuta chini ya kitanda cha marehemu, na huko nikaikuta mifuko yangu ya sabuni, Krismasi zote, imepangwa kwa mstari. Hata mmoja haujafunguliwa. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale Anjela alipoingia kutoka upande wa ziwa letu la Babati, miguu imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hizi sabuni mbona hazijatumika?"

"Bibi alisema tusizifungue. Alisema hizo ni za hasira."

Kwa hiyo alijua. Nani alimwambia sijui, baba alishatangulia na alikuwa mtu wa kutunza neno. Labda alijua mwenyewe. Alijua, akanipigia simu kila mwaka akanishukuru, na siku hata moja hakusema, mwanangu, nisamehe lile sweta. Nilikaa chini sakafuni nikakasirika upya kabisa. Na mimi je, nilisema? Sikusema. Lakini mimi nilikuwa mtoto.

Mtoto wa sasa alikuwa amesimama mbele yangu. Aliona koti mapajani mwangu, akaona sabuni, akapiga hatua moja nyuma.

"Utalifua?" akauliza.

Nikaomba wembe. Nikakata uzi wa kifungo cha juu, nikakitia mfukoni, vile vitano nikaviacha. Kisha nikalikunja koti bila kulikung'uta, nikampa. Alilipokea kwa mikono yote miwili. Hakulivaa. Alifukia uso kwenye kola, akabaki hivyo, na mabega yake yakaanza kupanda na kushuka.

Shangazi sijamsamehe. Ila huyu mtoto hajanifulia kitu.

Kilemba changu hakijarudi, na sikuuliza. Kila jioni tangu nitoke Babati nakumbuka ile miguu iliyolowa, nami namwombea Anjela jambo moja tu: mwenye maji awe amekipokea.